Sura ya Saba: Viganja Vilivyoganda

Asubuhi ya siku ya pili baada ya moto, Inspekta alirudi nyumbani kwa Fundi Faiba akiwa na koplo mmoja tu. Jalada alilolibana kwapani lilikuwa limekwisha kuiva, kwa maneno ya mkuu wa kituo. Mtuhumiwa alikuwa mahabusu, shahidi alikuwepo, chuki ilijulikana mtaa mzima, na saa tisa alasiri jalada lilitakiwa liwe mahakamani. Mkuu alimwambia hayo kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni mlango. Inspekta akaitikia ndiyo afande, kisha akachukua gari akaenda kule kule alikokatazwa kwa adabu. Kituoni walimwita Mama Kwa Nini, na jina hilo hakulipata bure.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Fundi Faiba alikuwa mzee aliyetumia miaka thelathini kuziba na kunyoosha bodi za malori. Alipostaafu akaanza kujijengea boti ya kuvulia samaki, ya faiba, ndani ya banda la bati nyuma ya nyumba yake. Zamani aliwahi kuzamishwa na boti ya mbao iliyooza mkuku, uti wake wa chini, akashinda majini ameng'ang'ania dumu tupu, na tangu siku hiyo aliapa kwamba boti atakayoipanda tena ataijenga kwa mikono yake. Mkewe alikuwa amefariki. Msaidizi wake alikuwa binti yake, mwanamke wa miaka ishirini na mitano, ambaye alimchanganyia resini, gundi ya kugandishia faiba, akamkatia mikeka ya nyuzi za kioo, na kumgombeza kila aliposahau kuvaa barakoa.

Ng'ambo ya ukuta aliishi mshonaji ambaye watu walimwita Pindo. Harufu ya resini ilikuwa imeingia kwenye vitambaa vyake mpaka wateja wakaanza kurudisha nguo. Alilalamika kwenye ofisi ya mtaa mara tatu, na mara ya tatu, mbele ya watu wasiopungua kumi na watano, alisema kwamba ipo siku hilo lidude litakuwa majivu. Jumamosi mchana banda likawaka. Mwanamke auzaye mkaa kwenye uchochoro wa nyuma, Mama Mkaa, alimwona Pindo akiruka ukuta kutoka ndani ya ua, mikono ikifuka moshi. Polisi walimkuta kwake ameizamisha mikono hiyo kwenye beseni la maji, na chini ya meza yake kulikuwa na dumu la petroli. Walipomuuliza, jibu lake lilikuwa moja tu: waandike wanavyotaka.

Fundi mwenyewe alikuwa hospitali, moshi umemjaa kifuani, hajafumbua macho.

"Sasa tunatafuta nini, afande?" koplo akauliza, wakiwa wamesimama katikati ya mabati yaliyokunjamana.

"Petroli," alisema Inspekta. "Nionyeshe ilipomwagwa."

Koplo akazunguka. Sakafu ilikuwa ya saruji, nayo iliinama kidogo kuelekea mfereji mwembamba uliochimbwa pembeni ili maji ya kuoshea yatoke. Inspekta alichota maji kwenye pipa la nje akayamwaga karibu na mlango. Yalitambaa sakafuni bila haraka, yakaingia mferejini. Petroli nayo ingepita hapo hapo, na moto ungeifuata. Lakini mfereji ulikuwa safi, na vumbi lake lilikuwa jeupe kama siku zote.

Mahali palipoungua vibaya kuliko pote palikuwa penye meza ya kuchanganyia. Hapo saruji ilikuwa nyeusi kwa duara, kama mtu aliyezungusha kamba akachora. Katikati ya duara kulikuwa na kitu ambacho kwenye ripoti ya kwanza koplo alikiandika "takataka": ndoo ya plastiki iliyoyeyuka, na ndani yake donge la resini lenye rangi ya sukari iliyoungua, limepasuka nyufa kila upande. Inspekta alichuchumaa, akaligusa kwa kalamu. Ndoo ilikuwa imeyeyuka zaidi kwa ndani kuliko kwa nje. Kando yake kulikuwa na mabaki ya matambara na vipande vya povu jeupe, lile la kujazia chini ya viti vya boti ili isizame.

Ukutani, sehemu ambayo moto haukufika, mtu alikuwa ameandika kwa chaki. Upande mmoja vipimo vya asubuhi, upande wa pili vipimo vya mchana, kiasi gani cha dawa ya kugandisha kwa kila lita ya resini. Vya mchana vilikuwa nusu tu ya vile vya asubuhi. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: SINIA, SI NDOO.

"Kwa nini sinia?" Inspekta akauliza.

Koplo hakujua. Inspekta naye hakujua, ila yeye hakuona aibu kutafuta. Karibu na kisima kulikuwa na pipa la resini lililobaki nje, na chupa ya dawa yake. Akachukua kikombe cha bati, akakijaza, akatia kipimo cha asubuhi, akakoroga kwa kijiti, akakiweka juani juu ya tofali. Akamimina kiasi kidogo kingine kwenye kifuniko cha sufuria, kikasambaa kama maji ya uji. Wakakaa kwenye kivuli cha ukuta kusubiri, yeye anatazama saa, koplo anatazama huku na huku kama mtu anayeomba asionekane na mtu anayemfahamu.

Dakika ya nane Inspekta alijaribu kukishika kikombe akakiachia upesi. Dakika ya kumi na moja kilianza kutoa moshi mweupe, kisha donge ndani yake likalia tak, likapasuka. Ile ya kwenye kifuniko ilikuwa imeganda kimya, vuguvugu tu.

"Inajichoma yenyewe," koplo akasema taratibu.

"Ikirundikana. Ikitandazwa, joto lake linapata pa kutokea." Inspekta alikizima kikombe kwa mchanga. "Sasa fikiria ndoo nzima, saa sita mchana, chini ya bati, na matambara ya asetoni ya kufutia brashi pembeni."

Walibaki na swali la boti. Ilikuwa pale karibu na geti, juu ya kitoroli chake cha magurudumu manne, urefu wa mita tano na ushee, haijapakwa rangi, haijaungua hata ukucha. Ripoti ya kwanza ilieleza kwamba watu walipoingia walimkuta fundi amezirai ndani ya boti, wakamtoa. Koplo ndiye aliyekuwa ameongeza kwamba fundi alikuwa akifanyia kazi nje siku hiyo.

Inspekta alimuuliza ni nani aliyemwambia hivyo. Koplo akajikuna shingo. Hakuna aliyemwambia. Boti ilikuwa nje, fundi alikuwa ndani yake, yeye akajumlisha.

"Mtu anayepunguza dawa mchana kwa sababu resini inawahi kuganda kukiwa na joto, ataitandika juani?" Inspekta akauliza. Hakungoja jibu. Alikuwa ameshazunguka hadi nyuma, kwenye tezi, ambako mkeka wa mwisho wa nje ulikuwa umetandikwa Jumamosi mchana, muda mfupi kabla ya moto.

Pale, kwenye resini iliyokuwa sasa ngumu kama kigae, kulikuwa na alama za viganja viwili vitupu. Vilikuwa vimezama sawasawa, vidole vyote kumi, kama mtu aliyeegemea kwa uzito wake wote akisukuma. Katika kidole kimoja cha kushoto uzi wa bluu ulikuwa umenasa, ukagandia humo humo. Uzi wa cherehani.

Koplo aliinama akauchungulia uzi huo. Halafu akasema kwamba fundi huvaa glavu. Hospitalini alifikishwa akiwa nazo mikononi.

"Na resini hii haikai laini zaidi ya nusu saa," alisema Inspekta. "Aliyesukuma alisukuma moto ukiwa unawaka. Mtu anayeichukia boti, koplo, akija kuichoma, ataitoa nje kwanza?"

Walipita kwa Mama Mkaa. Mwanamke huyo alirudia maneno yake bila kupunguza wala kuongeza, ila safari hii Inspekta alimuuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiuliza: Pindo aliporuka alielekea wapi? Mama Mkaa akatulia, akafikiri. Hakukimbilia kwake, akasema, maana yeye alimfuata hadi barabarani. Kwanza alikimbilia mbele barabarani, akawa anatazama watu usoni mmoja mmoja, kama aliyepotelewa na mtu sokoni. Mpaka aliposimama ghafla, akashusha pumzi, ndipo akajiondokea kwenda kwake. Na wakati huo nani alikuwa barabarani? Watu wengi. Binti wa fundi alikuwa ndio kwanza anafika anakimbia, mkononi ana brashi mpya.

Saa nne na nusu Inspekta alikuwa chumba cha mahojiano. Pindo aliletwa akiwa na mikono iliyofungwa bendeji mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, aliyekaa wima kwenye benchi kama anayepimwa nguo.

Inspekta alimweleza yote aliyoyaona, polepole, bila kumtega: mfereji, ndoo, kikombe, uzi wa bluu. Kisha akasema, "Ulimsukuma jirani yako akiwa ndani ya boti yake."

"Ilikuwa na magurudumu," Pindo akajibu.

"Kwa nini hukusema?"

Pindo alitazama bendeji zake. Alisema kwamba waliomkamata hawakuwa na haja ya kusikia. Inspekta akamwomba amsimulie yeye, na mshonaji, baada ya kusita, akasimulia. Dirisha la chumba chake cha kazi linatazama meza ya kuchanganyia, kupitia upande wa banda usio na bati. Aliona ndoo inafuka. Akapiga kelele, hakusikiwa. Akaingia kwa geti, akakuta matambara yameshika moto na fundi amelala ndani ya boti, hasikii. Kumnyanyua hakuweza, fundi ni pande la mtu. Basi akasukuma boti na mwenyewe ndani. Na ile petroli ya chini ya meza, akaongeza, ni ya kutolea madoa kwenye vitambaa.

"Hapo umeshamtoa," alisema Inspekta. "Mko getini, mnapumua. Lakini ulitokea ukuta wa nyuma. Kwa hiyo uliingia tena."

Pindo alizivuta bendeji zake karibu na kifua.

"Uliingia kutafuta nini?"

"Sikumbuki."

"Mtu haingii kwenye moto mara ya pili akasahau alichokifuata."

Pindo akaomba jalada lipelekwe kama lilivyo. Inspekta alimweleza miaka ambayo mtu hufungwa kwa kosa la kuchoma nyumba kwa makusudi. Pindo alisema anaijua. Alisema hana mke wala mtoto, na mikono hii haijulikani kama itashika sindano tena, basi kwake ni sawa tu akae wapi. Alilisema hilo bila kujihurumia, kama anayetaja upana wa kitambaa.

"Na mwenye kuichanganya ile ndoo?" Inspekta akauliza. "Uliiona ikifuka. Basi ulimwona aliyeijaza."

"Afande, mimi nilifika mtaa huu sina hata sindano," Pindo akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikayumba. "Cherehani niliyoanzia ni ya marehemu mama yake. Alinipa kibaraza chake nishonee, miaka miwili, hakuniomba hata shukrani. Sasa mimi nisimame mahakamani nimtaje..."

Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

"Mama yake nani?" Inspekta akauliza kwa sauti ya chini.

Pindo alifumba macho. Inspekta hakurudia swali. Alifunga daftari, akamwambia askari wa zamu amletee mzee chai na ampe mtu wa kumshikia kikombe.

Binti wa fundi alikuwa uani kwake, anafua shuka za kupeleka hospitali. Alipowaona polisi alisimama, povu likimchuruzika viganjani, na akaanza kusema kabla hajaulizwa kwamba baba bado hajaamka, kwamba hana jipya. Inspekta alivuta stuli akakaa. Hakumuuliza kuhusu ndoo. Alimsimulia tu alichokifanya Pindo: dirisha, geti, boti, viganja. Binti alisikiliza huku akikamua shuka ile ile mara ya tatu.

"Halafu akarudi ndani," alisema Inspekta. "Alikuwa amekuona mezani dakika chache kabla. Hakujua umetoka kununua brashi. Mikono yake iliungulia huko, akipapasa kwenye moshi chini ya meza."

Shuka ikaanguka kwenye matope.

"Alirudi kunitafuta mimi?"

"Wewe."

Binti alikaa chini, hapo hapo kwenye maji ya sabuni, akalia kilio cha mtu aliyekibana siku mbili. Kisha akayatoa yote. Mwishoni mwa kazi walikuwa wamebakiza sakafu ya boti tu. Baba, akiwa ndani, alikuwa anaharakisha mkeka usimkaukie. Yeye akachanganya resini nyingi kwa mkupuo, kwenye ndoo, kwa kipimo cha asubuhi kwa sababu ndicho ulichokizoea mkono wake. Brashi ikavunjika, akakimbilia dukani. Aliporudi aliona moshi na akajua saa ile ile. Lakini watu wote walikuwa wanapiga kelele jina la Pindo, yule aliyezoea kumwita Baba Mdogo, aliyemshonea sare zake zote za shule, na yeye akafunga mdomo.

"Nilijua si yeye," akasema. "Ila nilitaka awe yeye. Nilitaka sana."

Inspekta alimwacha amalize. Halafu akamweleza kwamba uzembe si uhalifu wa kuchoma nyumba, kwamba hakuna mtu wa kumpeleka mahakamani kwa hilo, lakini maelezo yake yataandikwa na atayatia sahihi, na mengine hayamo kwenye sheria. Hayo atajua mwenyewe ayapeleke kwa nani. Binti akafuta uso kwa mkono wa gauni. Akaomba aende kituoni na gari hilo hilo.

Mkuu wa kituo alisoma maelezo mara mbili, akakitazama kikombe cha bati chenye donge lililopasuka kilichowekwa mezani pake, akauliza kama kweli ilikuwa lazima kikombe chenyewe kiletwe. Inspekta akasema ilikuwa lazima. Saa nane kasoro Pindo aliachiwa. Pale kaunta, binti alipiga magoti mbele yake kabla mtu hajamzuia. Pindo hakuwa na mkono wa kumnyanyulia, basi naye akapiga magoti, wakabaki hivyo sakafuni, wakizungumza kwa minong'ono ambayo askari wa zamu, kwa heshima, hakuisikiliza. Walipoinuka, binti alikuwa amemshika kiwiko, na Pindo alikuwa anamwambia kwamba ukubwa wote ule bado analia na pua.

Hospitali walimkuta fundi amefumbua macho tangu adhuhuri. Muuguzi aliwapa dakika tano, mgonjwa asisemeshwe sana. Binti ndiye aliyeanza, lakini baba yake aliinua kidole kumkatisha.

"Mimi ndiye niliyesema changanya yote," alisema kwa sauti iliyokwaruza kama msasa. "Nilisikia ndoo inajaa. Nikasema ah, mara moja tu." Alipumzika. "Tumekosa wawili, mwanangu. Tumshukuru Mungu tupo wawili."

Kisha akamwona Pindo mlangoni. Wanaume hao walikuwa hawajasalimiana mwaka na nusu. Inspekta, aliyekwisha kupata sahihi ya binti kwenye maelezo, angeweza kuondoka wakati huo. Hakuondoka. Katika miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa amewapeleka watu wengi mahali pabaya. Nafasi ya kumpeleka mtu mahali kama hapa aliihesabu kwa vidole, na alishukuru kuwepo.

Fundi alizitazama zile bendeji kwa muda mrefu. Akanyoosha mkono wake mzito wenye sindano ya dripu, akauweka juu ya bendeji, bila kubonyeza, akauacha hapo. Machozi yalimtoka, yakapita masikioni, yakaingia kwenye mto, naye hakujishughulisha kuyafuta.

"Jirani," akasema hatimaye. "Ahsante."

Pindo alikohoa. Alionekana mtu mwenye kitu kinachomsumbua, na Inspekta akajiandaa kusikia habari za harufu na vitambaa.

"Geti lako ni jembamba," Pindo akasema. "Wakati wa kutoka nilikukwaruzia boti. Ubavu wa kulia, mbele karibu na omo. Mkwaruzo mrefu. Samahani sana."

Fundi alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamleta muuguzi mbio. Aliwaamuru wote watoke. Binti alikuwa wa mwisho mlangoni baba yake alipomwita, akiwa bado anatafuta pumzi.

"Huo mkwaruzo," akamwambia, "ukipaka rangi, uuruke. Usiuzibe."